Kongosho la Baba

9 Februari

Mwanangu Kitindamimba,

Barua yako imefika, nami naijibu nikiwa kwenye meza ya jikoni, kwa sababu hapo ndipo penye mwanga na ndipo dada yako anaponiona bila kuinuka. Mwili wangu ni ule ule uliouacha, isipokuwa masikio, ambayo yameamua kustaafu kabisa. Miaka thelathini na minane ya kugonga mabomba ndani ya kuta za watu imeyamaliza. Wiki iliyopita ulipopiga simu nilisikia tu kitu kinaunguruma mbali, kama bomba lililoingia hewa, nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Baadaye dada yako akaniambia ulikuwa unaniuliza nataka zawadi gani. Kwa hiyo achana na simu. Niandikie.

Na zawadi ninayotaka ni hii: nieleze kazi unayofanya. Jirani yetu fundi viatu ameniuliza mara tatu binti yangu wa mbali anafanya nini, na mara zote tatu nimemjibu kitu tofauti. Dada yako anasema unachunguza panya. Nikamwambia hatukukusomesha miaka yote ile ukachunguze panya, mbona hata hapa nyumbani wapo. Akasema ni kongosho la panya, na lehemu inayoingia humo. Hapo akanipoteza. Lehemu ninayoijua mimi ni ile ya kuungia mabomba: unaiyeyusha kwa moto, inashika, unalipwa, unaondoka. Sasa mnasema imo ndani ya watu? Kumbe hata kile kidonge cha jioni anachonipa daktari ni cha lehemu. Miaka miwili nakimeza bila kuuliza, maana nilidhani nimesikia vibaya.

Sindano za insulini zinaendelea, asubuhi na jioni. Dada yako huja na sindano yake kama askari aliyekuja kukamata mtu. Tunagombana, ananidunga, anakwenda kazini amenuna, nami nashinda nimenuna. Tumbo langu limekuwa chujio. Kama kazi yako inagusa ugonjwa wangu hata kidogo, nieleze, tena nieleze kama fundi anavyomweleza mteja, si kama mafundi wanavyoelezana wenyewe.

Baba yako,
Fundi Bomba


27 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za maabara, nikacheka mpaka mkuu wetu akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwambia Baba anataka kujua kama mimi ni mkamata panya. Akasema nikujibu ndiyo.

Sasa sikiliza, mteja wangu.

Nyuma ya mfuko wa tumbo lako kuna kongosho. Ndani ya kongosho kuna mafungu madogo ya seli ambazo kazi yao ni moja: kutengeneza insulini, kuiweka kwenye vifuko vidogo sana, na kungoja. Ukila, sukari inapanda kwenye damu. Seli inaionja ile sukari. Vifuko vinasogea mpaka kwenye ukuta wa seli, vinashikana na ukuta, vinafunguka, na insulini inatoka kwenda kufanya kazi. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye afya, kila siku, bila yeye kujua.

Lehemu yetu si ile yako ya kuungia, Baba, ni jina tu. Ni aina ya mafuta. Kila seli inayo kwenye ukuta wake. Lakini ikijazana, ukuta unakuwa mgumu. Seli haionji sukari vizuri, na vile vifuko vinakwama njiani. Insulini imo humo ndani, imeshatengenezwa, ila haitoki.

Mimi nachukua seli za kongosho la panya, naziweka kwenye visahani, nazilisha lehemu nyingi, kisha nazipa sukari na kupima zinatoa insulini kiasi gani. Zinatoa chini ya nusu. Jumanne iliyopita nilichukua zile zile zilizoshindwa, nikaziosha kwa dawa inayobeba lehemu, nikazipa tena sukari. Baba, zilitoa. Karibu sawa na zile ambazo hazikuguswa. Nilirudia kipimo mara tatu kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimeziba tu.

Nilitamani ungekuwepo. Nilikaa pale na karatasi mkononi nikikufikiria wewe na chujio lako la tumbo, nikasema siku moja.

Usimchoshe Dada. Anaamka mapema kuliko sisi sote.

Wako,
Kitindamimba


20 Machi

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya tano nilimsomea fundi viatu, naye akaacha kushona. Nimeipigia mistari kwa ile penseli yangu bapa, maneno mawili matatu ambayo sitaki yanipotee.

Hakuna mtu aliyewahi kunieleza ugonjwa huu. Daktari huangalia karatasi, huongea akiwa ameinama, nami nasikia mluzi tu. Miaka kumi na minne nimeamini kwamba kitu ndani yangu kimeoza. Sasa mwanangu mwenyewe ananiandikia kwamba kimeziba. Hujui tofauti iliyopo kati ya maneno hayo mawili kwa mtu wa kazi yangu.

Nikukumbushe kisa kimoja. Kabla hujazaliwa niliitwa kwenye jiko la shule ya bweni. Sinki lilikuwa halipitishi maji, wapishi wakawa wanayabeba kwa ndoo kwenda kumwaga nje. Miezi miwili wanabeba ndoo, mpaka wakazoea, wakaajiri hadi mtu wa ndoo. Nilipofungua kiwiko cha bomba nikakuta mafuta yameganda meupe, magumu kama mshumaa. Nikayatoa. Siku ile ile maji yakapita, na yule mtu wa ndoo akatafutiwa kazi ya bustani. Nilipoisoma barua yako ndiye niliyemkumbuka.

Nina maswali mawili, unijibu bila kuzunguka. La kwanza: hicho kidonge changu cha jioni kinaondoa lehemu hiyo hiyo unayoisema wewe? La pili: ikishaanza kutoka, inachukua muda gani mpaka seli zizibuke?

Dada yako hajambo. Jana alinidunga, sikugombana naye. Alinitazama kama nina homa.

Baba yako,
Fundi Bomba


11 Aprili

Shikamoo Baba,

Unisamehe, hii itakuwa fupi. Tunatayarisha majibu yetu kwa ajili ya mkutano mkubwa wa mwisho wa Mei na mkuu wa maabara ametushika shati, hata kula tunakula tumesimama.

Maswali yako. La kwanza: ndiyo, ni lehemu hiyo hiyo. Kidonge kinalizuia ini lisiitengeneze kwa wingi. Usikiache hata siku moja. La pili: kwa seli zangu ni saa chache tu. Kwa mtu sijui, labda wiki, labda miezi, hatujafika huko, bado tuko kwa panya.

Kuna majibu mengine tumeyapata wiki hii, nitakueleza nikitulia. Kisa cha mtu wa ndoo nimewasimulia wenzangu wote. Sasa wakiziosha seli wanasema wanamtafutia mtu wa ndoo kazi ya bustani.

Nakubusu mkono,
Kitindamimba


6 Mei

Mdogo wangu,

Naanza na habari njema, jambo ambalo si kawaida yangu: Baba ameacha ugomvi. Zaidi ya mwezi sasa hanigombezi wala hanuni. Alisema niache kumdunga, atajidunga mwenyewe. Nikakataa. Akaniambia, "Nimefunga mabomba ya hospitali nzima, nitashindwa na bomba la sindano?" Nikacheka, nikamwachia. Sasa anatoa kichupa chake kwenye friji, anaingia bafuni, anafunga mlango, anatoka akipiga mluzi ambao yeye mwenyewe hausikii. Mimi napata muda wa kunywa chai nimekaa. Tangu Mama afariki sijakumbuka kunywa chai ya asubuhi nimekaa.

Sukari anajipima mwenyewe pia, na kuandika kwenye daftari. Namba ni nzuri mno. Nilimwonyesha hata mwalimu mkuu, kwa majivuno.

Ila kuna mambo. Amekonda. Suruali zake ameongeza tundu kwenye mkanda, juzi ameongeza la pili. Anakunywa maji jagi zima, analijaza tena, na safari za chooni hazina idadi. Anasema ni joto. Ni kweli kuna joto, lakini mimi naliona joto hilo hilo na sinywi hivyo. Nikimuuliza ananipigapiga begani na kusema, "Subiri kidogo, utaona."

Mimi ni karani wa shule. Nikiona namba zimekaa vizuri kwenye daftari moyo wangu hutulia. Lakini hizi zinasema mtu anapona, na mtu mwenyewe anaisha. Wewe ndiye uliyesomea. Niambie kama nahangaika bure.

Ni mimi,
Dada yako


30 Mei

Dada,

Nakuandikia huku nangoja simu yako. Sijui nifanye nini na mikono.

Barua yako ya tarehe sita nimeifungua leo asubuhi. Ilifika siku tisa zilizopita. Niliona mwandiko wako, nikaitia mfukoni mwa koti la maabara, nikasema nitaisoma mkutano ukiisha. Mkutano umeisha jana. Watu walisimama kutupigia makofi, nami nilikuwa nayo mfukoni.

Kiu hiyo, kukojoa huko, kukonda huko, ni sukari iliyopanda sana, tena kwa muda mrefu. Namba za kwenye daftari si za kweli. Ama kipimo kimeharibika, ama anaandika anachotaka wewe ukione, na sijui kwa nini afanye hivyo. Nimepiga simu yako mara sita. Nimepiga shuleni, mwalimu aliyepokea akasema jirani yenu alikuja kukuita, ukaondoka mbio bila mkoba.

Kama barua hii itakukuta kabla hatujazungumza, basi mpeleke hospitali wakati huu huu, usimsikilize akisema subiri. Waambie wampime wao. Waambie

Simu inaita. Ni wewe.


3 Juni

Mdogo wangu,

Siku ile ya mwisho uliponipigia nilimudu kusema maneno mawili tu, kwa hiyo acha niandike.

Tumemzika Baba asubuhi, kando ya Mama. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, wengi siwajui, wenye nyumba ambazo aliwahi kuwatengenezea bomba. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha kuvuja. Fundi viatu alisimama nyuma ya wote. Usijilaumu kwa kutokuja. Ofisi ya uhamiaji ikishikilia hati yako ya kusafiria, hungeweza kuja kwa miguu.

Ilikuwa hivi. Alianguka bafuni saa nne asubuhi. Fundi viatu alisikia kishindo kupitia ukutani, akavunja komeo, akaja kuniita. Tulipofika hospitali alikuwa anapumua kwa shida, ngozi imekauka, ananitazama bila kunijua. Walimtundikia maji, wakampa dawa. Alikaa siku mbili. Akaenda mchana, saa nane na dakika kumi, mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mirija.

Daktari alisema ni mapafu. Yaliingiwa na ugonjwa, na kwa umri wake na sukari yake hakuweza kuhimili. Ingekuwa hivyo hivyo hata kama tungemleta wiki moja kabla. Ndivyo alivyosema. Kwa hiyo barua ile iliyokaa mfukoni mwako usiibebe kama jiwe. Haikubadilisha kitu.

Kula. Lala. Nenda kazini.

Dada yako


23 Juni

Dada,

Jana mlinzi wa jengo letu alinipa barua. Ilikuwa imezunguka mwezi mzima kwa sababu namba ya nyumba haikusomeka, saba ilikuwa imelala kama moja. Nilidhani ni yako. Nakunakilia neno kwa neno, kwa kuwa siwezi kuiachia karatasi yenyewe.

"22 Mei. Mwanangu Kitindamimba, utaona mwandiko wangu umelewa. Si mimi, ni macho, yananifanyia utani wiki hizi, mistari inacheza. Nilitaka kungoja mpaka mambo yakamilike ndipo nikuambie, lakini nina furaha, na furaha ya peke yangu imenichosha.

"Nimeijaribu kazi yako. Nilianza Machi kwa kupunguza insulini, nusu ya kawaida. Barua yako ya Aprili ilipofika ikisema ndiyo, ni lehemu hiyo hiyo, nikaacha kabisa, na vidonge vya jioni nikawa nameza viwili badala ya kimoja. Nilifikiri hivi: maadamu mtu anaendelea kubeba ndoo, nani atajua kama bomba limezibuka? Kongosho likiona insulini inaletwa kutoka nje kila siku, litajisumbua kwa nini? Ile ya kwenye kichupa naimwaga kidogo kidogo, ili dada yako aone inapungua. Namba za daftari natunga. Usinikasirikie, ni za muda.

"Sukari yenyewe bado iko juu, imekipita kipimo hata kinaonyesha neno badala ya namba. Nina kiu ya mtu aliyebeba saruji. Lakini nimezibua mabomba mengi ya zamani, na maji ya kwanza hutoka machafu kila mara, mwenye nyumba anapiga kelele, unamwambia ngoja. Mimi naingoja siku yatakapotoka safi. Hapo nitakwenda kwa daktari anipime, na matokeo nikutumie uyaweke pamoja na ya panya wako. Jina langu usiliandike. Waambie tu ni fundi bomba mmoja.

"Dada yako usimwambie. Nataka siku moja aniletee sindano nimwambie kaa chini unywe chai, imekwisha kazi hiyo. Amenibeba vya kutosha, na wewe alikubeba kabla yangu. Baba yako."

Hiyo ndiyo barua.

Sasa nikuambie la kwangu, maana wewe unadhani ninachokibeba ni siku tisa za mfukoni.

Wiki ile ile niliyomwandikia barua ya Aprili, majibu ya pili yalikuwa mezani pangu. Tuliondoa lehemu kupita kiasi, na seli zikakwama tena, vibaya kuliko mwanzo. Ukuta unaihitaji kwa kipimo chake. Ikizidi, insulini haitoki. Ikipungua mno, haitoki. Baba angelielewa hilo kwa sentensi moja, tena angelielewa kuliko wenzangu. Nilimwandikia nitakueleza nikitulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na dakika tano. Sikuandika kwa sababu habari hiyo ilikuwa inaharibu ile ya kwanza, na nilipenda jinsi alivyoipokea ile ya kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kushona kwa ajili yangu.

Na kuna la chini ya hilo. Mtu aliyeugua miaka kumi na minne, seli zake nyingi haziko tena. Hazikuziba, zimekwisha. Kila mtu katika maabara yetu anajua. Nilipaswa kuanza na hilo. Niliandika hazikuwa zimekufa, nikasahau kuandika tena kwamba ni za panya, kwenye kisahani, za siku chache, na kwamba insulini yake yeye ndiyo iliyokuwa inamweka hai. Niliona ni jambo linalojulikana. Nani asiyelijua?

Nijibu kitu kimoja tu. Uliponiandikia ni mapafu, ulikuwa unajua?

Kitindamimba


10 Julai

Mdogo wangu,

Nilikuwa najua.

Barua yako ya Februari niliikuta ndani ya sanduku lake la spana, siku ile ile aliyoanguka, nilipokuwa natafuta kadi yake ya hospitali. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mistari ya penseli iko chini ya maneno yako: hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimeziba tu. Pembeni ameandika tarehe ya siku aliyoanza kujidunga mwenyewe. Daktari aliniuliza kama kuna mtu aliyemshauri kuacha insulini. Nilikuwa na barua yako ndani ya nguo yangu. Nikamwambia hakuna. Mapafu yalikuwa na ugonjwa kweli, hilo sikulitunga. Lakini daktari hakuniambia ingekuwa hivyo hivyo. Hilo nimelitunga mimi, na nililiandika taratibu, herufi kwa herufi.

Sasa usidhani uko peke yako humo ulimo. Mimi naishi ndani ya nyumba hii, wewe uko mbali. Insulini ina harufu, unaijua kuliko mimi, ile ya dawa ya kidonda. Miaka sita nimeishika kila siku. Katikati ya Aprili niliingia bafuni baada yake, nikaisikia kwenye sinki. Si kwenye pamba, si kwenye pipa la taka, kwenye sinki. Nikasimama pale. Nikajiambia amemwaga tone kwa bahati mbaya, mkono wa mzee. Kesho yake nikaisikia tena, nikafungua bomba, nikaacha maji yapite mpaka harufu ikaondoka, nikarudi kwenye chai yangu.

Nilichoka, mdogo wangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Kila asubuhi kwa miaka sita nimeanza siku kwa kugombana na mtu ninayempenda. Asubuhi zile zilikuwa za kwanza za amani, na nilijua nikiuliza zitakwisha. Ndipo nikakuandikia wewe juu ya kiu na mkanda, ili uniambie wewe niliyokwisha kuyajua. Sinki sikulitaja.

Nilikuwa nimeamua kukuficha hadi kufa kwangu, na barua yako nilishaiweka kwenye jiko niichome. Nikashindwa kwa sababu ya ile mistari yake ya penseli. Na sasa kwa kuwa barua yake imekufikia, nitakupa na lililobaki, ambalo aliniambia nisikuambie.

Siku ya pili hospitali, asubuhi, alizinduka. Alinijua. Kwa kuwa hasikii, nilichukua fomu ya hospitali nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: BABA, KWA NINI ULIACHA? Aliisogeza karibu na pua, akaisoma kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia anaposema, wodi nzima ikageuka:

"Usimwambie mdogo wako kwamba haikufaa. Ataacha."

Nikaandika tena, ATAACHA NINI? Nikamwinulia karatasi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanasoma tena. Niliishika ile karatasi mbele yake mpaka mkono ukafa ganzi.

Nimefikiri sana alimaanisha nini. Sijui kama ni kazi yako. Sijui kama ni kumwandikia. Wewe labda utajua.

Dada yako


28 Julai

Dada,

Hati yangu imetoka Ijumaa. Nafika Alhamisi asubuhi. Usiombe ruhusa shuleni kuja kunipokea, njia ya nyumbani naijua.

Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika kabla sijapata yako. Iko mezani. Sijaipeleka, na sijaichana. Mkuu wa maabara nimemsimulia yote. Akaniuliza Baba alikuwa na umri gani, na jambo dogo kama hilo ndilo lililoniliza, kwa sababu katika karatasi zetu huwa tunaandika umri wa panya kwa wiki. Wiki iliyopita nilishika kisahani cha seli nikakirudisha. Kesho yake nikakishika tena, nikafanya kipimo kimoja, nikaenda kuosha mikono muda mrefu. Sijui alimaanisha nini Baba. Nikijua nitakuambia wewe kwanza.

Lile la sinki nimelisoma. Nilitaka kukuandikia si kosa lako, nikaona ni sentensi ile ile uliyoniandikia mimi mwezi Juni, na sikuiamini. Kwa hiyo siandiki. Ulikuwa na miaka kumi na tisa Mama alipofariki, mimi mitano, na ndiyo kwanza leo nimekaa kuhesabu umeamka mapema kwa ajili yetu miaka mingapi.

Chumba chake usikiguse mpaka nije. Nguo zake, spana zake, daftari lenye namba za kutunga, viache vilivyo. Tutavitoa sote wawili, kimoja kimoja.

Na nikifika usinipikie kitu, wala usijitahidi kuwa na nguvu. Tukae tu jikoni. Uniambie zile siku mbili za hospitali, saa kwa saa, hata yale uliyoyaona hayana maana. Mimi sitakukatiza. Ukimaliza nitakuambia za kwangu.

Mdogo wako,
Kitindamimba